Msitafute bingwa mmoja wa radiolojia, tafuteni watatu

*Hospitali za rufaa za mikoa zimepata CT scan na X-ray za kidijitali. Sasa zinahangaika kuwapata madaktari wa kusoma picha, na namna zinavyowatafuta ni sehemu ya tatizo.*

Tuchukue Ijumaa moja ya kawaida katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Saa tisa alasiri gari la wagonjwa linamshusha mzee wa miaka sitini hivi. Mkono na mguu wa kulia vimelegea, mdomo umekwenda upande, na akiulizwa jina anatoa sauti isiyo na maneno. Mkewe anasema asubuhi alikuwa mzima. Ameanguka alipokuwa akitoka msikitini.

Daktari wa zamu anajua ni kiharusi. Asichokijua ni aina yake, kwa sababu mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka humwangusha mtu kwa namna ileile, na dawa ya huyu ni hatari kwa yule. Mgonjwa anasukumwa hadi chumba cha CT scan. Mashine ni nzima, umeme upo, mteknolojia mionzi yupo. Ndani ya dakika kumi picha za kichwa zimekamilika.

Kinachofuata ni simu. Daktari anakipiga picha kioo cha kompyuta, anachagua vipande vitatu au vinne anavyodhani ndivyo vyenye shida, anavituma kwa WhatsApp kwa rafiki aliyesoma naye chuo, ambaye sasa ni bingwa wa radiolojia Dar es Salaam. Rafiki yuko kazini na ana foleni yake. Akijibu, atajibu kwa tahadhari, maana ameonyeshwa vipande vinne tu kati ya vingi. Ripoti rasmi, yenye jina na sahihi ya mtu anayewajibika nayo, itasubiri Jumatatu.

Kabla ya Jumatatu kuna uamuzi usioweza kungoja: mzee apewe aspirini au asipewe? Kama mshipa umeziba, kumnyima ni kumkosesha tiba. Kama umepasuka, kumpa ni kumzidishia kuvuja damu kichwani. Ziko dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hizo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya mtu anayejua kuthibitisha kwamba kichwani hamna damu iliyovuja.

> Picha hupatikana kwa dakika kumi. Ripoti inaweza kusubiri hadi Jumatatu.

Mashine zilivyofika mikoani

Si zamani sana, swali hilo lisingeulizwa mkoani, kwa kuwa CT scan yenyewe haikuwapo. Mgonjwa wa Kigoma au Songea aliandikiwa rufaa, ndugu wakachanga nauli, safari ikaanza, na bahasha kubwa ya kahawia yenye filamu za X-ray ikalindwa njia nzima isikunjike.

Mabadiliko makubwa yalikuja na fedha za UVIKO-19. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola za Marekani zipatazo milioni 567, na mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango wa shilingi trilioni 1.3. Wengi wanaukumbuka kwa madarasa. Sekta ya afya nayo ilipata fungu lake: majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi, mitambo ya oksijeni, X-ray za kidijitali, na CT scan kwa hospitali za rufaa za mikoa.

Tanzania Bara ina hospitali za ngazi hiyo 28, tatu zikiwa za Dar es Salaam: Amana, Temeke na Mwananyamala. Kupeleka CT scan nje ya miji mikubwa ni hatua ya kupongezwa kwa moyo wote. Mtu aliyegongwa na bodaboda akaumia kichwa hawezi kusubiri safari ya siku nzima ili ijulikane kama damu inavuja ndani.

Mahitaji nayo yatazidi kupanda. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikishatekelezwa kikamilifu, daktari atawaandikia wagonjwa vipimo ambavyo leo anasita kuviandika kwa kuwaonea huruma ya mfuko.

Mashine ya CT scan haiwashwi hivi hivi. Inataka chumba ambacho kuta zake zinazuia mionzi, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, kiyoyozi kisichozimwa, umeme wa akiba na mkataba wa matengenezo. Mambo hayo yote hupangiwa fedha kabla mashine haijashushwa. Bingwa wa kusoma picha yeye hutafutwa baadaye, kwa njia ya kawaida ya ajira, pamoja na kada nyingine zote zinazosubiri kibali.

Anayepiga na anayesoma

Wagonjwa wengi hawajawahi kuonana na bingwa wa radiolojia. Wanayeonana naye ni mteknolojia mionzi: ndiye anayewalaza kwenye meza ya mashine, anayewaambia wabane pumzi, anayehakikisha picha imetoka safi na mionzi haikuzidi. Hiyo ni taaluma kamili. Lakini kuitafsiri picha na kuiandikia ripoti ni kazi ya daktari mwingine, ambaye safari yake ni ndefu.

Kwanza anasoma udaktari kwa miaka mitano. Kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kisha shahada ya uzamili ya radiolojia, miaka mitatu, Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando. Jumla ni miaka tisa ikiwa hakusimama popote, na wengi husimama, kwa sababu ada haipatikani au kwa sababu familia inamtegemea.

Mtazame akiwa kazini. Chumba kina mwanga hafifu ili macho yaone vivuli vya kijivu vinavyokaribiana. Mbele yake kuna skrini mbili kubwa za kitabibu. CT ya kichwa kimoja anaipitia zaidi ya mara moja: kwa mpangilio unaoonyesha ubongo, kwa ule unaotenganisha damu na fuvu, kisha kwa ule wa mifupa. Anabingirisha gurudumu la kipanya, vipande vinapita kutoka utosini hadi chini ya fuvu, anarudi, anapita tena.

Damu mbichi kwenye CT huonekana nyeupe. Ikiwa nyingi, hata daktari mwanagenzi ataiona. Lakini fuvu nalo ni jeupe, na utando mwembamba wa damu uliolala kando ya mfupa humezwa na weupe huo mpaka mpangilio ubadilishwe. Kijana aliyeanguka na pikipiki anaweza kuwa na ufa upande wa kushoto unaoonekana wazi, na damu ikawa inajikusanya upande wa kulia, mahali ubongo ulipojigonga kwa ndani. Jicho likishapata kosa moja huridhika, na kosa la pili hupita hapohapo. Ndiyo maana bingwa huwa na utaratibu wake wa kuanzia hapa na kuishia pale, na hauvunji hata kama alichokitafuta amekipata kwenye kipande cha kwanza.

Kiharusi cha mshipa ulioziba ni kigumu zaidi. Katika saa za mwanzo picha inaweza kuonekana ya kawaida kabisa kwa asiyezoea. Dalili ni ndogo: mpaka kati ya sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo umefifia upande mmoja, mikunjo imevimba kidogo ikilinganishwa na ya upande wa pili, mshipa mmoja umeng'aa kuliko mwenzake. Haya hayaonekani kwenye picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

Tena kazi yake huanza kabla ya picha. Anaamua kama CT inahitajika au ultrasound inatosha. Anaangalia kipimo cha figo kabla mgonjwa hajachomwa dawa ya kung'arisha mishipa. CT ya tumbo humpa mgonjwa mionzi inayozidi mara 50 ile ya X-ray moja ya kifua. Mtoto wa miaka sita mwenye maumivu ya tumbo, bingwa akiwapo, huanzishiwa ultrasound ambayo haina mionzi. Asipokuwapo, anayesoma kutoka mbali hukuta CT imekwisha kupigwa.

> Bingwa aliye hospitalini huzuia kipimo kisichofaa. Aliye mbali hukikuta kimeshafanyika.

Fani yenyewe inapanuka. Mwaka 2018 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walianza kuja Muhimbili kwa zamu kufundisha radiolojia ya tiba, ambamo daktari akiongozwa na picha hupitisha sindano au mrija mwembamba kutoa usaha tumboni, kufungua njia ya nyongo iliyoziba, au kuziba mshipa unaovuja damu, bila kumpasua mgonjwa. Baadaye Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kikaanzisha shahada ya uzamili ya miaka miwili ya fani hiyo. Mkoani hatujafika huko, lakini bingwa wa kawaida wa radiolojia anaweza leo hii, kwa ultrasound iliyopo, kuchukua kinyama kutoka kwenye uvimbe wa titi la mama na kumwokolea miezi ya kuzunguka.

Tangazo la nafasi moja

Soma matangazo ya ajira ya afya: wauguzi kwa makumi, tabibu kwa makumi, wateknolojia maabara kadhaa, kisha chini huko, Daktari Bingwa wa Radiolojia, nafasi moja. Hospitali imeomba kibali kwa kufuata ikama yake, na ikama ina kiti kimoja. Sekretarieti ya Ajira inasaili na kumpangia mtu kituo. Hutokea asiripoti. Hutokea pia akaripoti, akakaa mwaka mmoja au miwili, halafu barua ya kuomba uhamisho ikaandikwa.

Wakubwa wakiulizwa, jibu jepesi ni kwamba vijana wa siku hizi hawataki mikoa. Siamini kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa. Tuiangalie kazi yenyewe anayokuta.

Asubuhi benchi la ultrasound limejaa wajawazito. Juu ya meza yake, au kwenye kompyuta yake kama mfumo wa picha unafanya kazi, kuna X-ray za tangu jana. Daktari wa upasuaji amesimama mlangoni anataka jibu la CT ya tumbo sasa hivi, na ana haki, kwa kuwa mgonjwa yuko kwenye machela. Saa nne usiku simu inaita: ajali ya basi. Saa nane usiku inaita tena. Kesho yake benchi limejaa vilevile. Hana wa kupokezana naye zamu, na akienda likizo huduma yote inasimama.

Kuna jambo la pili, ambalo watu wa nje hawalioni. Usomaji wa picha ni kazi ya kuulizana. Muhimbili au Bugando, akiona kivuli asichokielewa kwenye ini, anamgeukia wa kiti cha pili na kumwambia njoo uone. Mkoani hakuna kiti cha pili. Anaandika ripoti akiwa na shaka, anaitia sahihi, na shaka hiyo anakwenda nayo nyumbani. Daktari anayefanya hivyo mwaka mzima ama atapunguza umakini ama ataondoka. Walio makini huondoka.

La tatu ni fedha. Ngazi za mshahara wa serikali ni zilezile nchi nzima. Lakini bingwa aliye Dar es Salaam akitoka kazini jioni anaweza kusoma picha katika hospitali binafsi na kulipwa. Aliye Katavi au Lindi hana hospitali binafsi za kiwango hicho karibu naye. Kwa hiyo barua ya kumpangia mkoani, hata ikiandika mshahara uleule, kwa familia yake ni punguzo la kipato. Ongeza mke au mume ambaye kazi yake iko mjini, na watoto wanaosoma.

Hospitali inayokua haikui kwa kujaza kiti kimoja. Mabingwa watatu walioajiriwa kwa pamoja hupeana zamu, mmoja huenda likizo wawili wakabaki, picha ngumu husomwa na macho ya watu wawili, na kila mmoja huweza kujikita kidogo: huyu vichwa na uti wa mgongo, yule matiti na uzazi, mwingine vifua na matumbo. Madaktari wanagenzi wanaopita hapo huiona radiolojia kama idara yenye uhai, na mmoja wao huenda akaichagua. Aliyeajiriwa peke yake, hata awe hodari vipi, hawezi kuyafanya hayo.

> Barua ya kumpangia mkoani, hata ikiandika mshahara uleule, kwa familia yake ni punguzo la kipato.

Hoja za waganga wafawidhi

Wanaoendesha hospitali wana hoja zao, nazo ni nzito. Mganga mfawidhi mwenye kibali cha mabingwa wanne kwa mwaka hawezi kuchukua watatu wa radiolojia wakati hana bingwa wa usingizi na chumba cha upasuaji kinamsubiri. Akina mama wanaojifungua ni wengi kuliko wanaopigwa CT. Hospitali inayopiga CT chache kwa siku itawapa nini mabingwa watatu?

Hoja hii haijibiwi kwa kusema radiolojia ni muhimu, maana kila fani ni muhimu. Inajibiwa kwa kuacha kuhesabu hospitali moja moja. Tangu hospitali za rufaa za mikoa ziondolewe TAMISEMI na kuwekwa chini ya Wizara ya Afya, zina mwajiri mmoja. Wizara inaweza kuweka mabingwa watatu au wanne katika hospitali moja iliyo katikati ya mikoa jirani, ikawapa skrini za kitabibu na mfumo wa kuhifadhi na kusambaza picha, wakasoma za kwao na za majirani kwa mtandao, na kila wiki mmoja wao akazunguka kufanya kazi zinazotaka mkono wa daktari. Kazi itatosha watatu, na hakuna atakayebaki peke yake.

Fedha za skrini na mfumo ni sehemu ndogo ya bei ya CT scan. Bila hivyo, hata bingwa aliyekubali kwenda atakuta anasomea picha kwenye kompyuta ya ofisi iliyonunuliwa kwa ajili ya barua.

Somo kutoka Kenya

Wenzetu walitangulia katika njia hii na walilipa ghali. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya iliingia mikataba ya kukodi vifaa tiba kwa ajili ya hospitali 98: mbili kwa kila kaunti kati ya kaunti 47, pamoja na nne za kitaifa. Sehemu ya radiolojia ilikwenda kwa kampuni ya GE ya Marekani. Thamani ya mpango wote ilitajwa kuwa shilingi za Kenya bilioni 38.

Picha nyingi zilipatikana, na wapo wagonjwa waliopona kwa sababu yake. Lakini katika baadhi ya hospitali vifaa vilikaa bila kutumika, kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, au wataalamu, huku kaunti zikiendelea kukatwa fedha za kodi kila mwaka. Kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti kali mwaka 2020.

Kenya ilijaribu pia kuleta madaktari kutoka nje. Mwaka 2018 walifika madaktari 100 kutoka Cuba, mabingwa wa fani mbalimbali na wa afya ya familia, wakasambazwa kwenye kaunti. Chama cha madaktari wa Kenya kilipinga, kikisema wapo Wakenya waliosoma ambao hawajaajiriwa. Aprili 2019 wawili kati ya Wacuba hao walitekwa Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kwamba haitauendeleza mpango huo. Miaka mitano ilipita, na kaunti zilirudi kwenye swali lilelile la kuajiri na kuwatunza watu wao.

Uingereza nayo inawatafuta

Ugumu wa kuwapata mabingwa hawa hauko Afrika peke yake. Chuo cha Kifalme cha Radiolojia cha Uingereza, katika sensa yake ya wafanyakazi ya 2023, kilisema nchi hiyo ina upungufu wa mabingwa wa radiolojia wa asilimia 30. Hospitali za umma huko hutumia mamilioni ya pauni kila mwaka kununua ripoti kutoka kampuni binafsi, na baadhi ya picha za usiku husomwa na madaktari walioko Australia, ambako kunakuwa mchana.

Taifa lenye upungufu wa namna hiyo huvuta wa wengine. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha mwaka 2010 kanuni za maadili za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na orodha yake ya 2023 ya nchi 55 zinazostahili kulindwa zisinyang'anywe wataalamu inaitaja Tanzania. Kanuni hizo ni za hiari. Bingwa wa Tanzania anayefaulu mtihani wa FRCR wa Uingereza hazuiwi na mtu, wala sioni kwamba azuiwe. Mwajiri wake wa hapa ndiye anayepaswa kujiuliza anampa sababu gani ya kubaki.

Mtandao na akili mnemba

Wapo wanaosema suala hili limekwisha kupatiwa dawa: picha zitumwe kwa intaneti zikasomwe Dar es Salaam, au zisomwe na kompyuta yenyewe.

Kusoma kwa mtandao kunasaidia kweli, na hospitali nyingi zinakutumia. Kikwazo ni kwamba wasomaji wa mwisho ni walewale wachache. Ukiunganisha mikoa kumi na chumba kimoja cha Dar es Salaam bila kuongeza viti, umehamisha foleni kutoka mkoani na kuipeleka mjini, na picha ya dharura ya mkoa inashindana na ya mgonjwa aliyeko ghorofa ya juu, ambaye daktari wake anaweza kushuka ngazi na kugonga mlango.

Kuhusu akili mnemba, mwaka 2016 mwanasayansi Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hiyo, alisema hadharani kwamba dunia iache kufundisha mabingwa wa radiolojia kwa kuwa ndani ya miaka mitano hivi kompyuta ingewapita. Muda huo umepita na hospitali za nchi tajiri bado zinawatafuta. Mahali ambapo programu zimethibitika, zimepewa kazi mahususi: Machi 2021 WHO ilipendekeza zitumike kusoma X-ray za kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa nchi kama yetu, yenye mzigo mkubwa wa TB, huo ni msaada wa kupokelewa kwa mikono miwili. Lakini programu inayotafuta TB haitaona ubavu uliovunjika kama haikufundishwa kuutafuta, na ripoti bado inahitaji mtu wa kuitia sahihi.

Wa nyumbani

Hospitali zilizo mbali na miji zina njia moja ambayo sioni ikitumiwa kwa uzito unaostahili: kumsomesha daktari ambaye tayari yupo, tayari ana nyumba pale, tayari mwenzi wake anafundisha sekondari ya jirani na watoto wanaijua njia ya shule. Huyo hahitaji kushawishiwa kuja. Anahitaji ada, mshahara usikatwe akiwa masomoni, na ahadi kwamba akirudi atakuta vifaa na wenzake.

Madaktari wa kusomeshwa wapo. Machi 2017, Kenya ilipokuwa imetoka kwenye mgomo wa madaktari wa siku 100, Tanzania ilikubali kuipelekea madaktari 500. Kesi ikafunguliwa Nairobi, mpango ukakwama, na Rais John Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wamejitokeza kwenda Kenya waajiriwe hapahapa. Walikuwa madaktari kamili waliokuwa wakingoja kazi. Miongoni mwa vijana wa namna hiyo ndimo watokamo mabingwa.

Wizara ya Afya ina ufadhili wa masomo ya ubingwa uliopewa jina la Rais Samia. Unafanya kazi nzuri, na radiolojia ipewe humo fungu lake kwa kuhesabu mashine zilizokwisha kufungwa: kila CT scan iliyoko mkoani iwe na majina ya madaktari wanaosomeshwa kwa ajili yake. Mkataba wa kurudi uwepo, wa miaka inayojulikana, na uwabane wote wawili. Daktari akirudi akakuta hakuna skrini na hakuna mwenzake, mwajiri ndiye atakuwa amevunja mkataba.

Hesabu ya muda ni rahisi. Anayeanza shahada ya uzamili muhula ujao ataanza kusoma picha kwa sahihi yake baada ya miaka mitatu. Akiachwa mpaka bajeti inayofuata, ni minne. CT scan zilizofungwa kwa fedha za 2021 zitakuwa zinaelekea uzeeni, maana mashine hizi kwa kawaida huhesabiwa miaka kumi hivi kabla hazijadai kubadilishwa. Maombi ya ufadhili hupitia kwa mganga mfawidhi, na ndiye anayemjua daktari wake anayebaki kwenye chumba cha CT baada ya zamu kuisha, akiuliza kivuli kile ni nini.